Kadudu Hakana Mdomo

Mjukuu wangu alisoma akamaliza madarasa yote ya nchi hii, na sasa kazi yake ni kugeuza mawe kwa mto huko Kajiado. Ati kuna kadudu kako na mikia mitatu na hakuna mtu amewahi kukaandika. Mimi nikaona ni vile hakuna mtu alikuwa amekosa kazi kiasi hiyo.

Aliviokota vingi vikiwa bado vichanga majini, vingine vyote vikamfia. Kamoja kakabaki, akakaleta hapa kwangu Kitengela, kwa beseni yangu ya vyombo. Juu neti, kando kamashine ka kupulizia hewa. Mimi nikilala na joto, nani ananipulizia?

"Shosho, usifagie hapa, na usinyunyize dawa ya mbu. Haka kakikufa, masomo yangu imekufa."

"Na kakikuwa kakubwa kanakula nini?"

"Kakitoa mabawa hakana mdomo, shosho. Kanaishi siku moja, mbili hivi."

Nikamwambia hako kangefaa sana kuoa kwa hii familia.

Halafu lazima kawe dume. Ati ukoo wa kadudu unajulikana ukiangalia nyeti za dume, na mashine ya kukuza. Haki elimu ni kitu nzuri.

Siku kalitoa mabawa, wamama wa chama walikuwa kwangu wakinywa chai. Mjukuu akapiga nduru, sisi wote tukainamia neti.

"Ni kijana! Angalieni macho makubwa hivyo," jirani akasema.

Tukapiga vigelegele tano, vile kwetu tunapigia mtoto wa kiume.

"Wamama, ngojeni!" mjukuu akalia. "Bado kanavua ngozi mara ingine!"

Siku moja ya kuishi, na kanabadilisha nguo mara mbili. Bibi harusi mzima.

Asubuhi mabawa ilikuwa inang'aa kama glasi. Mjukuu akachungulia, akaanza machozi. Nikajua basi, ni msichana, mjukuu anarudi kwa matope ya mto.

"Shosho, ni dume!"

Nikapiga tano ingine, peke yangu. Kugeuka hivi, amekatumbukiza kwa kachupa ka spiriti, pombe kali ya kukahifadhi. Kumbe ndio huko kuandikwa. Hata uji ya uzazi haijaiva.

"Sasa ni mimi nakapatia jina, shosho. Nikaite nani?"

Kamezaliwa kwangu, ni kajukuu kangu, na si kwetu kijana wa kwanza hupewa jina ya babu wa upande wa baba? Huyo alikuwa mume wangu, Mungu amlaze.

"Kapatie ya babu yako," nikamwambia. "Kulala kwa pombe wamefanana. Ni ule mdomo wa mzee tu itasumbua."