Mkono wa Kushoto wa Wekesa

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Chuo alinikabidhi filimbi, mipira miwili ya kandanda na gunia la magongo ya besiboli. Nikamwambia besiboli siijui. Akacheka. "Mwalimu, si wewe ndiye kocha? Yote ni mipira." Nikawa nasoma sheria jioni, na asubuhi nawafundisha wanachuo kana kwamba nimezaliwa nazo. Ndivyo tulivyofanya kazi katika vyuo vya ualimu: kocha mmoja, timu mbili, wachezaji walewale.

Hiyo ilikuwa Naivasha. Baadaye nilihamishiwa Nakuru, chini ya Mkuu mwingine, mama mkali aliyependa vikombe kuliko wachezaji wenyewe.

Timu ya besiboli husimama au huanguka na mrushaji, yule anayemtupia mpira mpinzani mwenye gongo. Sisi makocha wa kuungaunga tulikuwa na desturi yetu: kipa wa kandanda ndiye mrushaji, maana amezoea kutupa mpira mbali. Hatukujiuliza mkono mmoja utabeba kazi ngapi. Kipa wangu wa hapo Nakuru, Wekesa, mwanachuo kutoka Bungoma, alidaka asubuhi na kurusha alasiri, muhula baada ya muhula.

Kwenye fainali ya vyuo nikamwona akishika bega la kulia. Tulikuwa mbele kwa pointi moja, na wapinzani walibakiwa na zamu ya mwisho ya kupiga. Nikamfuata uwanjani.

"Vipi, Wekesa?"

"Inauma kiasi, kocha. Lakini niko sawa. Wacha nimalize."

Mrushaji wa akiba alikuwa tayari ameshapasha misuli. Ningeweza kumwingiza. Lakini nililitaka lile kombe, msidhani ni Mkuu peke yake. Nikampiga Wekesa mgongoni, nikarudi kuketi.

Tulishinda. Wakati wa zawadi mkono wake wa kulia haukuinuka tena, akapokea medali kwa kushoto. Mkuu akamkaripia mbele ya umati: "Unapokea kwa kushoto? Kwenu hawakukufunza adabu?" Sababu niliijua. Nikanyamaza, nisimharibie Mkuu furaha yake.

Bega halikupona. Tangu hapo nilikataa kipa arushe, nikagombana na wakuu watatu hadi nikastaafu. Makocha wa leo wakiniuliza siri ya ushindi, nawaambia mchezaji akisema yuko sawa, watazame bega, si mdomo. Wananiona mzee mwoga, na sijali.

Mwaka jana nilimfuata Wekesa katika shule anayofundisha huko Subukia, nikamwomba msamaha kwa ajili ya bega lake.

"Hiyo ya bega nilijitakia, kocha," akasema. "Hata mimi nilitaka kombe. Ile iliniuma ni vile ulinyamaza nikiambiwa kwetu hakuna adabu. Mzee wangu alikuwa amesafiri kutoka Bungoma kuniona nikicheza. Alikuwa amesimama hapo tu."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nikamuuliza kama mzee bado yuko, niende nimweleze mwenyewe.

"Tulimzika Desemba, kocha."