Siku Niliyokagua Tangi la Mzee Nzioka

Wacha nikiri mwenyewe kabla mtu mwingine hajawasimulia vibaya: ni mimi niliyevua suruali ya shule, nikaikunja vizuri juu ya jiwe, nikajitumbukiza ndani ya tangi la maji la mzee ambaye hata hatukuwa tumenunua kitu chake, na hakuna aliyenituma. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kuligonga tangi kwa fimbo kutoka nje, kazi ambayo hata kuku angeifanya kwa mdomo, lakini mimi (mnanijua) nikaona kugonga ni kwa watu wa kawaida.

Nirudi nyuma kidogo. Tulikuwa tunakaa Migwani, mimi na mama, chumba kimoja nyuma ya duka, cherehani yake ikiwa kibarazani, na mwenye nyumba alikuwa ametuambia tuhame mwezi ukiisha kwa sababu anabomoa ajenge maduka. Mama akauza mbuzi wake wote, wale waliokuwa wakichungwa na mjomba kule Ikutha, akaongeza akiba ya miaka yote ile ambayo nimevaa kaptura za mabaki ya nguo za watu (kuna moja ilikuwa na mguu wa maua na mguu wa michirizi, sisemi zaidi), akaanza kutafuta nyumba. Nyumba mpya hatungeweza hata kuitazama kwa muda mrefu. Ndipo akasikia habari za Mzee Nzioka wa Matinyani, ambaye mkewe alifariki na sasa anataka kuhamia kwa binti yake mjini Wote, upande wa Makueni, na anauza nyumba yake ya zamani ya matofali kwa bei ya mtu aliyeshafunga mizigo.

Mama alikuwa ameshaenda ofisi ya ardhi akahakikisha hati ni ya mzee kweli. Ilibaki kuikagua nyumba yenyewe, na kwa kuwa ilikuwa likizo ya Agosti nikajitolea. Nilikuwa nimetazama kwenye simu vidio nne za watu wanaokagua nyumba (wote wana viatu visafi ajabu), nikachukua daftari la Kemia, nikaligeuza nyuma, nikaandika UKAGUZI na kupiga mstari kwa rula. Nikavaa suruali ya shule na tai.

"Na tai ni ya nini?" mama akauliza.

"Injinia ni tai."

Tulipofika langoni alinishika kiwiko. "Sikiza, Mwendwa. Huku ndani usisifu kitu. Ukipenda kitu, kunja uso kama umelamba dawa. Huyu mzee akijua tumependa, hapunguzi hata shilingi. Umesikia?"

"Nimesikia, mwaitu." (Ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama, hasa tukiwa tunapanga makosa.)

Na niseme ukweli, mama hakuhitaji injinia. Alipita mlango kwa mlango akigonga mbao kwa kifundo cha kidole na kutega sikio kama kuna mchwa, akanusa kona za ukuta, akamwaga maji kidogo sakafuni kuona yanakimbilia wapi, akaenda mpaka chooni na kukanyaga kanyaga sakafu yake huku mimi nimesimama mbali kidogo kwa usalama wa tai. Alipomwona msichana akipita na punda wa maji akamuuliza mtoni ni mbali kiasi gani na hapa majirani wanagombana mara ngapi. Kila kitu kikimpendeza anakunja uso. Jikoni kulikuwa na dirisha pana linaloangalia mlima, mahali ambapo cherehani ingetosha kabisa, na hapo akakunja uso mpaka nikadhani anaumwa na tumbo.

Likabaki tangi. Msiotoka huku hamwezi kuelewa, lakini Kitui nyumba bila tangi ni sanduku la kukalia na kiu. Mvua ikija ni ile inayoshuka kwa mabati yako na kuingia tangini, isipokuja uko mtoni na jembe ukichimba mchanga upate maji. Hili lilikuwa la saruji, refu kunipita, tupu kwa sababu ya kiangazi, koki yake imeng'olewa limebaki bomba wazi linalotazama kibaraza. Ubavuni lilikuwa limeegemezwa kipande cha bati kuukuu. Nikaandika daftarini: "Bati la akiba, bure. Vizuri."

"Tangi ni zima, halina neno," Mzee Nzioka akasema, akatukaribisha chai kibarazani. Jirani wa ng'ambo ya ua, Mama Kalekye, alikuwa amekuja kuona sura ya watu watakaokaa karibu naye, na kwake kulikuwa na kikundi chake cha wanawake wakipura mbaazi na kuimba. Mama akaniambia nikagonge tangi wakati wao wanaongea bei.

Nikapanda juu. Kulikuwa na tundu lenye kifuniko cha bati, nikakisogeza, nikachungulia, tundu ni dogo lakini nilishasikia kwamba kichwa kikipita mwili wote unapita. Nikashuka kuvua suruali isichafuke, nikabaki na tai, shati na boksa yenye picha za mipira, nikapanda tena, nikainua mikono juu, nikateleza ndani kama barua. Tatizo lilianza nilipokohoa. Jamani! Kikohozi kilirudi kikubwa kama cha chifu. Nikasema "halo," nikajibiwa na watu sita. Sasa mtu kama mimi anapewa kipaza sauti namna hiyo halafu anyamaze? Nikatoa simu mfukoni mwa shati nimrekodie rafiki yangu Kyalo, ninayekaa naye dawati moja.

"Kyalo! Hii ni Redio Tangi, tunakutangazia moja kwa moja kutoka Matinyani! Habari kwa ufupi. Mama ameipenda hii nyumba mpaka uso umemchoka kukunjwa. Kule jikoni alikuwa karibu kulia. Mzee akipunguza tunachukua, asipopunguza tunachukua, kwa sababu mwezi ukiisha tunalala nje na cherehani, na mbuzi wote wameshauzwa! Mzee mwenyewe kabla aseme neno lazima avute kamasi hivi, hrrrrm! Na humu ndani, Kyalo, kuna kitu kirembo, chini kuna kamstari ka mwanga kamepinda pinda kama mto kwenye ramani, kametoka kwa bomba mpaka magotini kwangu..."

Nikasikia kimya. Hata wale wanawake wa mbaazi walikuwa wameacha kuimba. Halafu kupitia lile bomba (ambalo, kumbuka, linatazama kibaraza) ikaja sauti ya mama, ndogo na tulivu.

"Mwendwa."

Neno moja tu. Nilitaka saruji inimeze. Ndani kulikuwa na mawe mawili, nikayapandanisha, nikaparamia tundu kwa haraka ya mtu anayefukuzwa, na kwa haraka hiyo nikasahau mkono mmoja chini. Kichwa kikatoka, mkono wa kulia ukatoka, kifua kikagoma. Mbele hapana, nyuma hapana. Nikabaki pale juu kama kuku anayeatamia, na tai shingoni.

Wanawake wa mbaazi walifika kwanza, kama kumi na wawili, wengine na nyungo mkononi.

"Aiii! Ni mtoto wa nani huyu?"

"Ni injinia," Mama Kalekye akasema, "si unaona tai."

"Injinia, suruali yako ndiyo hii hapa kwa jiwe?"

Mmoja akapanda na mafuta ya kupikia akanipaka makwapa kama anayekaanga chapati, wakavuta mkono wakiimba wimbo wa kuvuta, mimi nikalia, wakaacha. Mwingine akanipa maji. Mwingine akanikinga jua kwa ungo. Hawakunijua, wala mama hawakumjua, na hakuna aliyerudi kwa mbaazi zake. Mtoto mmoja akatumwa mbio amwite fundi.

Mama alikuwa amesimama chini, hata hanitazami. Mikono yake ilikuwa inakunja na kukunjua ncha ya leso. Hapo ndipo nilipoacha kuona kama ni mchezo. Siri aliyokuwa anaibeba wiki zote hizo, ya kwamba hatuna pa kwenda, niliitangazia kijiji kizima kwa kumtafutia Kyalo kicheko. Sasa mzee angetaja bei yoyote na tungelipa au tulale nje.

Mzee Nzioka akaja polepole. Akaanza kuvuta kamasi, akakumbuka, akaangalia juu nilipo, akajizuia.

"Mama Mwendwa," akasema, "mtoto wako amemaliza siri zako zote. Si haki mimi nibaki na zangu." Akaliondoa lile bati langu la akiba. Nyuma yake kulikuwa na ufa, umepinda pinda kama mto kwenye ramani. "Tangi linavuja tangu mwaka juzi. Bati niliweka usione. Nilikuwa naogopa mtu akijua nitakufa hapa peke yangu sijamfikia binti yangu."

Mama akautazama ufa. "Niliposikia kamstari ka mwanga, nilijua," akasema. "Nilikuwa naweka kikombe chini niondoke."

"Usiondoke. Toa gharama ya tangi kwa bei, na utoe na ya aibu yangu."

"Gharama gani?" Mama Kalekye akaingilia. "Saruji mnunue nyinyi. Kazi ni ya mwethya, tunakuja sisi wote Jumamosi tunaliziba, hakuna kulipana."

"Lakini yeye si wa kikundi," mmoja akanong'ona.

"Atakuwa. Tumeshaona boksa ya mtoto wake, tutamwacha aende wapi?"

Wakacheka wote, na mama, ambaye alikuwa amekunja uso tangu asubuhi, akashindwa kuukunja.

Fundi akaja na patasi akavunja ukingo wa tundu, nikatoka nikiwa na mafuta na vumbi, mweupe kama andazi bichi, nikapigiwa makofi. Suruali nilikabidhiwa mbele ya umma. Jumamosi ile mimi ndiye niliyebeba mchanga wote kutoka mtoni, ndoo kwa ndoo, na hakuna aliyeniita Mwendwa. Mpaka leo naitwa Injinia, hata na watoto wa chekechea.

Naapa sitaingia tena mahali ambapo mkono wangu mmoja utalazimika kubaki nyuma, na kabla ya kutangaza habari za mtu nitaangalia kwanza bomba linatazama wapi. Lakini siwezi kusema najuta kabisa. Tulikwenda kupima kuta, na nilipokwama tukapima majirani, na hao hawakuwa na ufa. Mzee Nzioka yuko Wote na wajukuu, hupiga simu kuuliza kama tangi linashika maji, na kila mara huvuta kamasi kwa nguvu zaidi, makusudi, mimi nikiwa nasikiliza.

Mama hakuwa amesema lolote kuhusu siku ile. Nilingoja kelele wiki ya kwanza, ya pili, hazikuja. Halafu Novemba, shule zikiwa zimefungwa, mvua ikaanguka adhuhuri. Alikuwa kwenye cherehani pale dirishani jikoni, akaondoa mguu kwenye kanyagio, tukasikiliza maji yakiingia tangini, mengi, bila hata tone kupotea. Akakata uzi kwa meno, akasema:

"Mwendwa, asante. Lakini siku nyingine ukienda kutangaza siri zangu, vaa suruali."