Mama wa Kwenye Cheti

Ngendo ni jirani yangu hapa Ngoliba, upande wa Thika. Shamba lake la nyanya limepakana na mahindi yangu. Kulingana na cheti cha kuzaliwa, alijifungua mtoto msichana akiwa na miaka hamsini na mmoja. Sisi majirani tulijua si yeye aliyezaa, lakini hakuna aliyesema.

Mtoto alikuwa wa binti yake, Becky. Baba wa mtoto alitoweka kabla hajazaliwa, na Becky akaenda Uarabuni kufanya kazi za nyumba mtoto akiwa na miezi mitano. Shule ya chekechea ilipodai cheti, Becky hakuwa akipatikana kwa simu, basi Ngendo akajiandikisha kuwa ndiye mama. Wengi hapa wamewafanyia wajukuu wao vivyo hivyo. Msichana akaitwa Mitchell Ngendo, jina la shosho wake, yaani bibi yake, kama desturi yetu inavyotaka mama akiwa hajaolewa.

Becky alirudi mwaka juzi, Mitchell akiwa darasa la tatu. Alipanga nyumba Mwiki, Nairobi, akapata kazi ya kupika hotelini. Kisha akaja kusema kwamba shule zikifungwa mwisho wa mwaka, atamchukua mtoto wake. Nilikuwa napalilia, nikawasikia.

"Mami, nilikuachia mtoto. Sikukupa."

"Ulikuwa wapi alipougua nimonia?"

"Nilikuwa jikoni kwa watu, nikitafuta pesa ya hiyo dawa."

"Haya, anaogopa nini? Niambie."

Becky aligeukia mlango wa nyumba.

"Anaogopa bata mzinga," Ngendo akasema. "Mama gani hajui hilo?"

Becky alisema basi watakutana kortini Thika, akaondoka bila kunywa chai.

Tangu siku hiyo Ngendo hakutulia. Akina mama wa kikundi chake walimwambia atangulie kortini, kwa sababu mwenye cheti ndiye mwenye mtoto. Mzee wa kijiji alimsihi angoje familia ikae chini. Aliwangoja wiki tatu. Walipokaa mbele ya mchungaji, maneno yakawa yale yale, na Mitchell alikuwa dirishani akisikiliza. Jumatatu iliyofuata Ngendo aliniomba nimsindikize Thika.

Tulielekezwa kwa wakili mmoja, mwanamke, anayewasaidia watu bila malipo. Alikisoma cheti mara mbili, akasema kesi ina nguvu. Kwa karatasi hiyo, alisema, Becky ni dada tu wa mtoto. Nilimwona Ngendo akishtuka kusikia neno hilo. Wakili alianza kuandika hati ya kiapo. Aliuliza Mitchell alizaliwa hospitali gani, Ngendo akaitaja. Aliuliza waliingia saa ngapi, akaambiwa ni jioni, wakakaa mpaka asubuhi.

"Nani alikuwa na wewe?"

Ngendo aliufinya mkoba wake.

"Becky ndiye alikuwa kitandani," akasema. "Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alinishika mkono mpaka pete ikanikata."

Wakili aliweka kalamu chini. Alitueleza kwa upole kwamba hawezi kuandika jambo analojua si kweli, na kwamba hata kile cheti kinaweza kumletea Ngendo shida. Angeweza kuja kama shosho aliyemlea mtoto, na korti ingemsikiza, ila hapo hakuna uhakika wa kushinda. Ngendo aliuliza jambo moja tu. Yeye akifa leo, nani ataweza kumsimamia Mitchell kwa shule na hospitali?

"Kwa karatasi hii, mtoto atakuwa amefiwa na mama," wakili akasema. "Becky itabidi aanze kuthibitisha kwamba ni wake."

Ngendo alitoka nje, akampigia Becky simu.

Baada ya wiki mbili walienda kortini pamoja. Ngendo aliishika Biblia, akaapa kwamba yeye si mama wa Mitchell. Alionywa, hakufungwa. Korti iliamuru cheti kirekebishwe, mtoto akae na mama yake, na likizo aje Ngoliba.

Siku Mitchell alipochukuliwa nilienda kumjulia Ngendo hali. Alikuwa ameketi jikoni na moto umezimika. Aliniambia kwamba siku iliyofaa kwenda kortini ilikuwa ile Becky alipopanda ndege. Angeenda wakati ule akiwa shosho tu, aombe karatasi ya kumlea mtoto.

"Ningekuwa na la kusema leo," akasema. "Nilingoja mpaka nikabaki na uongo peke yake."

Nilimwashia moto, nikaenda.

Likizo ya Aprili Mitchell alikuja. Ngendo alikuwa amemchinjia kuku na kumtandikia kitanda kile kile. Siku ya nne, wakichuma nyanya, msichana aliuliza atarudi nyumbani lini. Ngendo alimwambia likizo bado ni ndefu. Mitchell akaitikia vizuri, kwa heshima, kama mgeni, akaendelea kuchuma.

Jioni hiyo Ngendo mwenyewe alimpigia Becky, akamwambia aje amchukue.