Mtunza Nyasi na Asubuhi Nne za Ukungu

Delmar Kubicek alijiwekea kanuni moja siku aliyoajiriwa kutunza nyasi za uwanja wa chuo chetu: anachokiona ndani ya uzio kinabaki ndani ya uzio. Aliishika kwa miaka ishirini na sita. Katika mji wa Wahlen hilo si jambo dogo. Mazoezi ya timu ni ya siri, uzio umefunikwa kwa turubai la kijani, na watu elfu tisa wa mji huu hawana njaa kubwa kuliko ya kujua kilichopo nyuma ya turubai hilo.

Mpira wetu ni ule wa umbo la yai, unaochezwa kwa mikono na kwa helmeti, na kila kitu ndani yake huanzia kwa mtu mmoja. Tunamwita mrushaji. Mwenzake aliyeinama mbele yake humpa mpira, na ndani ya sekunde tatu lazima aamue: aurushe mbali kwa mdakaji anayekimbia, amkabidhi mwingine, au akimbie nao mwenyewe huku majitu manne yakimjia. Mrushaji akiwa mzuri, mji una furaha. Akiwa mbovu, tunakaa na huzuni mpaka theluji iyeyuke.

Mwaka uliotangulia timu yetu, Korongo, ilishinda michezo mitatu kati ya kumi na miwili. Safu ya ushambulizi ilikuwa nzito kama trekta lililozama tope. Kisha wakati wa baridi zikaja habari: mrushaji mpya anahamia kwetu kutoka Texas, kijana wa miaka ishirini aitwaye Tavion Mayhew, na kocha Haskett anabadilisha ushambulizi wote uwe wa haraka, wa kurusha. Kuanzia hapo watu wazima wenye mashamba na wajukuu walianza kuishi ndotoni. Walipanda mahindi wakimuota kijana ambaye hawajamwona akirusha hata mara moja.

Mkahawani kwa Bernadine, ambako wanaume hula mchuzi wa maharage na nyama kwa mkate wa mdalasini hata katika joto la Agosti, Delmar hakuweza kumaliza kikombe kwa amani.

"Delmar, njoo ukae hapa," aliita Virgil, mstaafu aliyewahi kuuza matrekta. "Sikuulizi siri. Nakuuliza hali ya hewa tu. Huko uwanjani inanyesha mipira, au bado kuna ukame?"

"Nyasi zinaendelea vizuri."

"Nyasi! Mnamsikia? Miaka ishirini na sita naulizia timu, najibiwa majani. Kwani mimi ng'ombe?"

"Ng'ombe angeshashiba akanyamaza," alisema Bernadine akimimina kahawa. "Mwache mwenzako anywe."

"Pointi arobaini kila mchezo," Virgil aliwatangazia wote. "Shikeni maneno yangu. Huyu kijana wa Texas, arobaini."

"Mwaka jana pia ulisema arobaini."

"Mwaka jana nilikuwa mjinga. Mwaka huu nina habari."

"Habari umepata wapi?"

"Rohoni."

Walicheka, na Delmar akacheka nao, akaweka kofia kichwani, akatoka. Hakuwa mtu wa kujivuna kwa kile anachokijua.

Nyumbani aliishi na kaka yake, Lumir, aliyekuwa amemzidi miaka saba. Lumir alifanya kazi kwenye ghala la nafaka tangu ujana wake, na ugonjwa wa sukari ulimpofusha miaka sita iliyopita. Tangu hapo aliifuata timu kwa redio. Aliweza kukueleza mchezo wa mwaka wa themanini na tatu hatua kwa hatua, upepo ulivuma kutoka wapi na nani aliteleza. Na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumuuliza mdogo wake hata swali moja juu ya mazoezi. Aliiheshimu kanuni ile kana kwamba ni yake.

Kiangazi kile Lumir alififia. Alikula vijiko vitatu, akasukuma sahani. Alilala mchana akiwa ameelekea ukutani. Daktari alisema moyo umechoka, akabadilisha vidonge, na hakuna kilichobadilika. Aliinuka tu redio ilipomtaja mrushaji mpya. Hapo alikaa kitandani, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni barazani.

Jioni moja, wakiwa mezani, alisema, "Mdogo wangu, sijawahi kukuuliza."

"Najua, kaka."

"Leo nitakuuliza jambo moja, na usinijibu. Akirusha, inasikikaje?"

Delmar alitoa vyombo mezani, akaviosha, akavifuta, akavipanga. Swali lilibaki naye jikoni. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakujua jibu. Alikuwa ameona mipira maelfu ikirushwa, lakini hakuwahi kusikiliza hata mmoja.

Mtu akianza kuyahesabu maneno ya kanuni yake mwenyewe ili aone ni lipi linalomruhusu, ujue ameshaivunja moyoni. Delmar aliyahesabu. Kanuni ilisema anachokiona. Ilimkataza kusema. Basi kipofu aone nini? Na yeye akikaa kimya, atakuwa amesema nini? Asubuhi iliyofuata, saa kumi na moja na nusu, alimvalisha Lumir koti, akampandisha kwenye pikapu, akapita naye lango la nyuma, akaegesha nyuma ya banda la mashine za kukatia nyasi, hatua thelathini kutoka mstari wa uwanja.

Ukungu ulikuwa umepanda kutoka mtoni. Katika bonde letu mwezi wa nane hufanya hivyo, hulala juu ya mahindi na juu ya paa kama maziwa yaliyomwagika, na asubuhi ile ulijaza uwanja mpaka milingoti ya goli ikapotea. Hata Delmar hakuona kitu. Alishusha kioo cha upande wa kaka yake, akazima injini.

Kwanza kulikuwa na viatu, vingi, juu ya nyasi zenye umande. Kisha sauti ya kijana, nzito kidogo, isiyo na haraka, ikitaja namba. Makofi mawili. Na kabla kofi la pili halijaisha, mpira ulikuwa umetoka chini, mabega yamegongana, miguu imetawanyika kwenye weupe ule. Kisha ukimya. Ukimya huo ulikuwa mrefu kiasi cha mtu kuvuta pumzi moja, na ndani yake hapakuwa na timu wala mji, kulikuwa na kitu kinachopita juu ya vichwa vyao bila kuonekana. Halafu, mbali sana, kana kwamba upande wa pili wa mto: pap. Mikono imedaka.

Lumir alikuwa ameweka kiganja gotini, vidole vikipima. Moja. Mbili. Pap.

"Tena," alinong'ona, kana kwamba walioko kule walikuwa wakimsubiri yeye.

Wakarudia. Makofi mawili, vurumai, ukimya, pap. Mara nyingine ukimya ulikuwa mfupi, mara nyingine ulinyooka mpaka Delmar akashika usukani. Lumir alitabasamu huku macho yake yakitazama pasipo kitu. Umande ulimdondokea kwenye mkono uliokuwa dirishani, na hakuufuta.

Walikwenda asubuhi nne. Ukungu ulikuja zote nne, na Delmar aliuchukua kama ruhusa. Nyumbani Lumir alianza kumaliza sahani yake. Aliomba chumvi. Alisimulia ndoto: amesimama shambani na korongo wanapita juu yake wakati wa usiku wa machipuko, hawaoni, lakini kila mmoja anamjua kwa mlio wa mbawa zake. Delmar alimsikiliza akafurahi. Sitamlaumu kwa kufurahi. Namlaumu kwa lango.

Alhamisi ya wiki ya mchezo wa kwanza, Lumir aliomba apelekwe kwa Bernadine, mahali ambapo hakuwa amefika tangu Pasaka. Watu walimpisha kiti. Delmar alimwacha hapo, akaenda kupaka mistari ya uwanja. Virgil, ambaye hawezi kuona mtu amestarehe, akaanza.

"Nimebadili mawazo. Huyu kijana wa Texas ni maneno matupu. Pointi kumi na tatu, kama mwaka jana. Mtaona."

"Utayameza maneno yako," alisema Lumir.

"Wewe umejuaje, mzee? Umemwona?" Mkahawa ukaguna, na Virgil akajua amevuka mpaka. "Samahani. Nilitaka kusema..."

"Ulitaka kusema mimi ni kipofu. Sawa. Basi nisikilize mimi kipofu. Anapiga makofi mawili, la pili halijaisha mpira uko mkononi mwake, na kabla hujavuta pumzi umeshafika. Hamtasubiri kitu mwaka huu. Arobaini? Nyinyi mnaota ndoto za maskini!"

Hakuna aliyecheka. Bernadine alisimama na birika mkononi. Lumir alisikia ukimya ule, na maana yake pia aliijua. Alitafuta fimbo yake akaomba arudishwe nyumbani.

Kufikia jioni siri ilikuwa redioni, kwenye kipindi ambacho watu hupiga simu kuijadili timu: mrushaji mpya hupiga makofi mawili, mpira hutoka la pili. Aliyepiga simu alikuwa amejaa furaha. Hakufikiri kwamba wapinzani nao wana redio. Mlinzi anayejua ni sekunde gani mpira utatoka huwa ameshamfikia mrushaji kabla hajainua mkono.

Hivyo Ijumaa, siku moja kabla ya mchezo, kocha Haskett alifuta makofi yaliyofanyiwa mazoezi tangu machipuko, akaweka ishara nyingine, ya kuinua mguu. Jumamosi watu elfu thelathini, wa mji na wa miji ya jirani, walijaa uwanjani wakiwa wamevaa rangi ya kijivu, wakiimba jina la kijana ambaye hawakuwahi kumwona. Walikuja kuchukua pointi zao arobaini.

Tavion aliinua mguu. Wenzake walisubiri makofi. Mara nyingine mmoja alitoka mapema, mara nyingine wawili walibaki wameinama. Vitambaa vya njano vya waamuzi, alama ya kosa, vilianguka kwenye nyasi za Delmar mara saba. Tulifungwa kumi na saba kwa kumi, na katika robo ya mwisho uwanja ukaanza kuzomea. Haikuwa kelele ya hasira sana. Ilikuwa kama usingizini mtu anapougulia ndoto inayomponyoka. Lakini kijana alikuwa macho, na aliisikia yote.

Jumapili mji ulishatafuta mwenye kosa na kumpata: mrushaji wa mwaka jana, aliyepokonywa nafasi. Nani mwingine angekuwa na sababu ya kuitoa siri? Waliokuwa mkahawani walijua zaidi, lakini hakuna aliyetaka kumtaja mzee kipofu. Mtu alimwandikia maneno machafu kwenye kioo cha gari.

"Nyamaza," Lumir alimsihi mdogo wake. "Hakuna atakayekutaja wewe. Watu watasahau wakishinda mmoja."

"Kaka, wamemtwisha mtoto wa watu."

"Kosa ni langu. Mdomo ni wangu."

"Mdomo ni wako. Lango nililifungua mimi."

Jumatatu alisimama mbele ya meza ya kocha Haskett, kofia mkononi.

"Kocha, mrushaji wa mwaka jana hakusema kitu. Siri ilitoka kwangu."

"Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu. Nilimwingiza kaka yangu ndani ya uzio. Asubuhi nne."

"Kaka yako si haoni?"

"Haoni. Nami nilijiambia hivyo hivyo."

"Delmar, ungenyamaza nisingejua mpaka nife."

"Ndiyo."

Kocha alisema hawezi kumbakiza kazini na kwamba anasikitika, na nadhani alisikitika kweli. Alisema pia kwamba siku hiyo hiyo atatangaza jina, ili yule mrushaji wa mwaka jana aachwe kwa amani. Delmar alisema ndicho alichokijia.

Kwenye ujia alikutana na Tavion Mayhew, begi begani. Alikuwa amesikia yote kupitia mlango ulioachwa wazi.

"Wewe ndiye mzee wa nyasi," kijana alisema. "Kaka yako alisikia nini hasa?"

"Alisema kati ya mikono yako na ya mdakaji kuna ukimya mtamu kuliko wa kanisani."

Tavion alifikiri. "Mzee, Jumamosi hakuna aliyenyamaza," alisema, akaenda zake. Hakusema kwa ukali, na Delmar angependelea ukali.

Timu ilishinda michezo minane mwaka ule. Walirusha kama tulivyoota, na katika mchezo mmoja wa Oktoba tulipata hata zile arobaini, Virgil akapanda juu ya kiti. Lumir alisikiliza michezo yote kwa redio akiwa amekaa wima, na alikula. Ila mkahawani hakurudi tena. Mtu mwingine alipaka mistari, na aliipaka vizuri.

Ndugu wengi wananiambia kwamba kwa kaka yao wangefanya vivyo hivyo. Naamini. Hesabu haibadiliki kwa hilo. Asubuhi zile nne zilimgharimu Delmar Kubicek kazi yake ya miaka ishirini na sita, na zilimgharimu Tavion Mayhew mchezo wake wa kwanza mbele ya watu wetu, ambao mtu huucheza mara moja tu.