Damu Iliyotuama kwenye Bilauri

Nilipokuwa mtoto, meno ya mbele yameng'oka na ulimi hauna mlango, nyumba yetu hapa Bagamoyo ilikuwa na wagonjwa wawili wa ugonjwa mmoja, na hakuna aliyeona kuwa ni mmoja. Wa kwanza aliheshimiwa. Wa pili alitafutiwa mchawi.

Aliyeheshimiwa ni bibi yangu mzaa baba, Bi Mwanatumu. Kila baada ya wiki kadhaa homa ilimshika, tumbo likamkaza, goti likavimba kama papai, naye akajifungia chumbani siku tatu. Ati ruhani wake kaja, jini wa Kiarabu mwenye heshima zake, na kwa hiyo lazima afukiziwe udi na awekewe sinia lenye marashi, tende na halua. Siku ya nne bibi alitoka mzima, kaoga, kapaka wanja, na halua ya ruhani imekwisha. Habari za majini nimezisikia nyingi maishani mwangu, lakini jini wa kula halua na kuziacha tende nilimjua huyo mmoja tu.

Bibi akijivunia damu yake kupita kiasi. "Damu yetu si ya hivi hivi," alikuwa akisema, "ilivuka bahari." Yeye mwenyewe aliolewa na mtoto wa ami yake, na akamwoza baba yangu mtoto wa shangazi yake, ndiye mama yangu. Kwetu mchuzi haukumwagwa nje ya chungu. Mama alifariki hata arubaini ya mdogo wangu Saida haijatimia.

Huyo Saida ndiye mgonjwa wa pili. Alipofika miaka mitatu yakamwanza yale yale ya bibi: homa, tumbo, goti au kifundo cha mguu kinavimba, siku tatu analia, siku ya nne anaruka kamba. Ungedhani ni ruhani yule yule kahamia chumba cha pili. Lakini ruhani wa bibi hakuwa wa kugawana, na mtoto wa miaka mitatu nani atamwekea sinia.

Baba alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, anarudi nyumbani mara moja moja. Saida alipotimiza miaka minne, baba akaturudia na mke. Jina lake Chausiku, Mkwere wa bara, hana ubini wa kuvuka bahari, anacheka kinywa wazi. Bibi alimpokea kama mtu anavyopokea mvua iliyovuja kitandani. Sisi watoto tulimwita mama mdogo, na nitasema kweli, alitupenda. Saida akishikwa, mama mdogo alimpakata usiku na mchana, anamkanda goti kwa kitambaa cha maji ya moto. Ndiye wa kwanza kusema, "Mpelekeni kwa masista wamtazame damu."

"Damu ya wajukuu zangu haitazamwi na watu wa msalaba," bibi akajibu. Akamwita Fundi Mshamu aitazame.

Fundi Mshamu nimfafanueje. Alikuwa fundi wa kuumika, yaani alichanja ngozi kwa wembe, akabandika pembe na kuifyonza damu. Kidole chake kidogo kilikuwa na ukucha mrefu aliochokonolea sikio, na ukucha huo huo ndio aliotuonyeshea ya ghaibu. Watu wazima wenye ndevu zao walikuwa wakikaa mbele ya ukucha ule wakaitikia naam, naam. Mpaka leo nikiwakumbuka nyuso zao nacheka peke yangu.

Mwaka ule, Saida ana miaka mitano nami minane, alishikwa vibaya. Baba alikuwepo. Baada ya sala ya adhuhuri Fundi akamchanja mgongoni, na damu akaimimina upesi kwenye bilauri, akaiweka dirishani. Sote tukakaa tukiitazama. Kabla haijaganda, wekundu ukaanza kushuka chini, juu kukabaki maji ya rangi ya samli, vidole viwili vizima.

"Mmeona?" Fundi akasema. "Nyekundu imekimbia. Huku juu ndipo alipokaa jini." Akauzungusha ukucha wake chumbani mpaka ukasimama kwa mama mdogo, aliyekuwa amempakata mgonjwa. "Na jini huyu hakuja peke yake. Kaletwa."

Baba alikuwa mtu wa chumvi, si mpumbavu kabisa. Akauliza, "Ugonjwa huu ulianza lini? Kabla ya mke wangu au baada?"

Swali zuri. Bibi alilijua jibu lake kama alivyolijua goti lake mwenyewe, lakini hakulitoa. Alikuwa na mwana mwingine wa ndugu anamsubirisha aolewe na baba. Akasema tu, "Muulizeni Tatu. Mtoto hasemi uongo."

Tatu ndiye mie.

Fundi akanigeukia. "Weye, kabla mama huyu hajaingia humu ndani, mdogo wako alikuwa akiumwa hivi?"

Nyuma yake bibi alikuwa amelivuta sinia la ruhani wake. Taratibu, kama hana haraka na dunia, akakata kipande cha halua, kikubwa kama kiganja changu, akakisogeza ukingoni upande wangu. Hakunitazama.

"Sema tu, Tatu," mama mdogo akaniambia. "Sema ulivyoona."

"Hapana," nikasema. "Hakuwa akiumwa."

Mama mdogo hakubisha. Alimlaza Saida juu ya mto, akalifunika goti lake, akaenda kufunga nguo zake. Fundi alikuwa ameamuru aondoke kwanza, damu itazamwe tena, ndipo ijulikane. Nami nilikaa nyuma ya choo nikala halua yangu mpaka vidole.

Siku ya nne Fundi akarudi. Saida alikuwa akiruka kamba, kama ilivyokuwa kila siku ya nne tangu aanze kuumwa. Akamchanja tena, damu akaitia bilauri, akaiweka dirishani. Safari hii wekundu haukushuka. Damu ikaganda vile vile, nyekundu juu hadi chini. "Kaondoka mtu, kaondoka jini," Fundi akasema, na jioni ile baba akaandika talaka.

Mwezi uliofuata Saida akashikwa tena. Mama mdogo yuko kwao bara, sisi tuko pwani, na goti limevimba lile lile. Fundi hakutikisika. "Sasa anatuma kutoka mbali," akasema.

"Basi nimrudie akae karibu?" baba akauliza. Bibi akamwambia asifanye mzaha na mambo mazito. Hakumrudia. Akaoa mwana wa ndugu. Saida akaendelea kushikwa na kuachiwa, kuchanjwa na kuchanjwa, mgongo wake ukawa kama ubao wa kukatia. Alipofika miaka ishirini na kitu akaanza kuvimba uso na miguu, na haikuwa ile ya siku tatu. Figo, wakasema hospitali, tulipompeleka alipokuwa hawezi tena kuvaa viatu. Tulimzika na viatu vyake vikabaki mlangoni.

Nilikuwa nimeyasahau haya, au nilisema nimeyasahau, mpaka mjukuu wangu Nasra alipofika miaka minne. Mwanangu nilimwoza kwa mtoto wa binamu yangu. Ndiyo, nami nililinda mchuzi. Nasra akashikwa: homa, tumbo, goti. Majirani zangu, wenye simu za kisasa mikononi, wakanijia mmoja mmoja na yule yule mchawi wa zamani aliyebadilishwa jina. Mmoja akanong'ona habari za mpangaji wetu kutoka Mapinga. Nikamwambia anywe chai yake aende.

Tukaenda hospitali. Maabara yao ndogo, na mie sina adabu ya kukaa kwenye benchi, nikasimama mlangoni. Dada wa maabara akatia damu ya Nasra dawa isigande, akaiingiza kwenye mrija mwembamba kama bua la mpunga, akausimamisha kwenye kishikio.

"Hapo unasubiri nini?" nikamuuliza.

"Saa moja ipite, bibi. Tunatazama wekundu utashuka kiasi gani."

Nikausogelea mrija. "Na ukishuka sana?"

"Kuna moto mwilini. Moto ukiwamo, chembe nyekundu zinashikana, zinakuwa nzito, zinazama upesi."

"Na moto huo kauwasha nani?"

Akanicheka. "Hilo mrija hausemi, bibi. Unasema upo tu."

Saa ilipopita, juu ya ule mrija palikuwa na maji ya rangi ya samli. Niliyajua kabla hajaniambia.

Wakampima pia kipimo kingine, jina lake herufi tatu za Kizungu zisizokaa kichwani mwangu. Hicho kinatafuta kitu ambacho ini humwaga kwenye damu mwili unapowaka. Vyote vilikuwa juu. Daktari, msichana mdogo mwenye kilemba safi, akatuambia turudi Nasra akiwa mzima wapime tena. Tukarudi, vyote vimeshuka. "Hivyo ndivyo nilivyotaka kuona," akasema. "Vinapanda na kushuka na homa." Akapeleka damu nyingine mbali ikachunguzwe, na majibu yalipokuja akatukalisha chini. Ni ugonjwa wa kurithi, akasema. Mwili unajiwasha wenyewe bila adui. Mtoto anaupata zaidi baba na mama wakiwa wa damu moja, na usipozuiwa huharibu figo.

"Kwenu kuna mwingine aliyekuwa hivi? Bibi yako, kwa mfano?"

"Bibi yangu alikuwa na ruhani," nikamwambia.

Akaandika. Aliandika nini, Mungu ndiye ajuaye.

Sasa Nasra anameza kidonge kila siku, na mwaka unaisha hajashikwa ila mara moja. Kidonge kidogo kuliko punje ya mtama. Namtazama akikimeza, namfikiria Fundi Mshamu. Aliona sawasawa, yule mjinga. Ile samli juu ya damu ilikuwa kweli, na kuondoka kwake siku ya nne kulikuwa kweli. Alikuwa na ukweli mzima ndani ya bilauri, akautupa dirishani ili auzungushe ukucha. Na bibi yangu, ambaye damu yake ilivuka bahari, aliyavusha maradhi pamoja nayo, kisha akamfukuza mtu pekee nyumbani ambaye damu yake haikuwa nayo. Sina heshima ya kumpa hata mmoja wao. Walale pema, lakini walale kimya.

Nikasikia mama mdogo yu hai, aliolewa Mlingotini zamani, ana wajukuu. Nikaenda, na karatasi ya majibu mkobani, na kwa kuwa mtu haendi ugenini mikono mitupu, nikapitia dukani kuchukua zawadi. Nilimkuta barazani anachambua dagaa, macho yamefifia.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Tatu. Wa Bagamoyo."

Vidole vyake vikaendelea na dagaa. "Tatu wa halua," akasema.

Miaka yote hiyo nikidhani hakuona. Nikamweleza yote, mrija, moto, figo za Saida, kidonge cha Nasra. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilipofika kwa Saida, aliacha dagaa. Kisha akaulizia Nasra tu, kama kidonge anakimeza na chakula, na nani anamkumbusha. Nikampa zawadi yangu. Akaipapasa, akainusa, akanirudishia mapajani.

Ilikuwa halua. Wallahi dukani sikufikiri.

"Hiyo kale weye," akasema. "Karatasi niachie."

"Hujui kusoma, mama mdogo."

"Watanisomea."

Nikamwachia, akaifunga kwenye pindo la kanga yake. Njia nzima ya kurudi nilimsema Fundi, nikamsema bibi, nikamsema baba na talaka yake, kama ninavyofanya siku zote, maana midomo yangu imezoea. Lakini Fundi hakujua. Baba hakuwepo Saida alipoanza kuumwa. Bibi alijua, na bibi kafa. Mwingine aliyejua alikuwa na miaka minane, na bado yu hai, na kikapu cha halua kiko mapajani mwake.