Bamba Zito la Mke Mwenzangu

Mjukuu wangu wa kike huniita Dani, na mimi humwita mke mwenzangu. Kwetu Wajaluo ndivyo bibi anavyotaniana na mjukuu: babu ni mume wetu sote wawili, kwa hiyo tunamgombania. Tangu akiwa mdogo nilimwambia kwamba ameninyang'anya mzee, naye alinijibu kwamba mzee mwenyewe hakumngoja hata amuone. Ni kweli. Mzee alizama pale mto wa Sondu unapoingia ziwani, kabla huyu mtoto hajazaliwa, na ziwa halikumrudisha.

Watu wa bichi, pale wavuvi wanapoegesha boti, walimtafuta kwa ndoano na kamba mpaka wakachoka. Walisema maji ya mto yalizisukuma ndoano, hazikufika chini. Basi tukafanya kama inavyofanywa kwetu mtu akikosekana kabisa. Tulikata tunda la yago, lile refu zito linaloning'inia mtini kama mguu wa mtoto, tukalifunga shuka, tukalizika badala yake upande wa kulia wa nyumba yangu, mahali pa mwenye nyumba. Watu wa kanisa waliimba. Mimi nililia, tena sana, lakini nilijua ninalilia tunda.

Sikusoma sana. Niliacha shule kabla hawajatufundisha kugawanya. Ila majina nayashika. Kila aliyechukuliwa na maji kwenye bichi yetu namjua jina lake, la baba yake na la mama yake, na nikianika omena, dagaa wetu wa ziwani, huwa nayapitia moyoni kama mtu anayehesabu ng'ombe wakirudi. La mzee huja la mwisho. Na kila mara nilikuwa najiuliza lile lile: hizo ndoano, kama zingekuwa nzito kidogo?

Huyu mjukuu akakua akawa mzamiaji. Anafanya kazi kwenye vizimba vya samaki, vile vya nyavu vinavyoelea mbele ya ufuo. Anashuka kutazama kama wavu umetoboka, anatoa samaki waliokufa. Mtu akizama, humwita yeye pia. Wazee wengine walinung'unika, mwanamke na maji wapi na wapi. Mimi sikumzuia. Watu walidhani ninamwonea fahari. Nilimwonea, lakini kulikuwa na jambo lingine nililokuwa ninalingoja kwake.

Koti la kuzamia, lile la kujazwa hewa, alilokuwa akiazimwa kazini lilianza kuvuja hewa. Akaenda Kisumu kwa mwalimu aliyemfundisha, akarudi na gunia la vifaa vya mtumba. Alilimwaga kwenye mkeka wangu, pembeni ya omena. Kulikuwa na mabamba mawili ya kubeba mgongoni, moja la chuma na moja la alumini, yote yamekunjwa katikati kufuata uti wa mgongo. Kulikuwa na mifuko miwili ya hewa ambayo wao huiita mabawa, mmoja mwembamba, mmoja mpana. Akanionyesha jinsi vinavyokaa: bamba linalala mgongoni na mikanda yake, bawa linafuata, mtungi wa hewa unakuja nje, na bolti mbili zinapita zikivishika vyote pamoja. Ukitaka kupanda unajaza bawa hewa. Ukitaka kushuka unaitoa. Mwalimu alimpa ajaribu nyumbani, achague bamba moja na bawa moja, vingine arudishe.

Nililiinua lile la chuma. Lilikuwa baridi, na zito kuliko nilivyodhani. Lile la alumini nililishika kwa vidole viwili kama sinia ya chai.

"Chukua hili," nikamwambia, nikimaanisha la chuma.

Akasema mwalimu amemshauri aanze na jepesi, pamoja na bawa pana linaloshika hewa nyingi, kwa sababu ziwa letu halina chumvi na maji yake hayambebi mtu kama ya bahari. Mtungi wake wenyewe ni wa chuma, suti yake ni nyembamba, uzito upo tayari. Nikamwambia lile bawa pana linafanana na tumbo la mbuzi aliyekula unga, litamwelesha juu kama magugu maji. Akacheka. Nikalichukua lile jembamba nikaliweka juu ya bamba la chuma, nikapitisha bolti kwenye matundu yake mwenyewe. Ziliingia bila kusukumwa.

"Si unaona? Vimekubaliana."

"Dani, mwalimu alisema kukubaliana si matundu tu."

Hapo ndipo nilipolitoa lile jambo. Nikamwambia, mke mwenzangu, walioenda kumtafuta mume wetu hawakufika chini. Wewe unaweza kufika. Sikusema zaidi. Alinitazama, akatazama nje upande wa lile kaburi la yago, akaanza kukaza nati kwa mkono. Hakubisha tena. Laiti angebisha.

Asubuhi yake tulikwenda kujaribu, si kule mtoni, ni hapa hapa mbele ya bichi, mahali ambapo miamba inakwisha na maji yanakuwa marefu. Jirani yetu mwenye boti alitupeleka. Mwalimu alikuwa ameagiza asijaribu bila kamba, na kamba nikaishika mimi. Tulikubaliana kwamba akiivuta kwa nguvu bila kuachia, tumtoe. Jirani alinitania akaniuliza, "Mama, leo unavua nini na chambo kikubwa hivyo?" Nikamjibu ninavua bwana. Tukacheka, mimi nikicheka kuliko yeye.

Mjukuu wangu alishuka upesi. Kamba ilikimbia mkononi mwangu, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi ilivyokimbia. Ikasimama. Mapovu yakawa yanakuja juu, kisha yakaja mengi pamoja, na maji yakabadilika rangi, tope likipanda. Nilidhani anatembeatembea huko chini. Halafu kamba ikanyooka ikabaki imenyooka.

Nilivuta. Mikono yangu ni ya kuvuta nyavu, naijua kamba, lakini hii haikuja. Jirani aliacha kasia akashika nyuma yangu. Sikuita jina la mjukuu wangu. Lilikuwa mdomoni, ila niliogopa kulitaja, kwa sababu nilikuwa nimezoea mahali ninapotajia majina ya watu wa majini, na sikutaka lake lifuate la mzee.

Akatokea. Kwanza mtungi, halafu kichwa. Tulimshika mikanda tukamwegemeza kwenye ubavu wa boti. Alitoa kipumulio mdomoni akakaa akihema, tope mpaka magotini. Bawa lilikuwa limejaa hewa, limekaza kama ngoma. Alikuwa amelijaza mpaka mwisho, akapiga mateke, na bado miguu ilibaki kwenye tope.

"Dani," akasema alipopata pumzi, "hili bamba linajua kwenda. Kurudi halijui."

Hakusema kwa hasira, na hilo liliniumiza zaidi. Jirani alianza kulaumu wauzaji wa vitu vya mtumba. Nikamwambia anyamaze, aliyechagua ni mimi.

Tulirudi baada ya kupumzika, na bamba la alumini na bawa pana. Niliona jinsi alivyoshuka polepole, akapanda, kichwa chote kikawa nje ya maji, akaelea bila kupiga hata teke. Aliruhusu hewa itoke akazama tena, akapanda tena. Alikuwa akinionyesha mimi. Lile tumbo la mbuzi lilimshika vizuri.

Jioni nilimwosha miguu kama alipokuwa mtoto. Nikamwambia asimtafute mzee. Kaburi lake liko hapo nje, nimelilia, yatosha. Akauliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo, na nilipokuwa nasema nilihisi mzee ananisikia huko aliko. Nilikuwa nimemwahidi mtu wa chini kwamba atafuatwa, kwa pumzi ya mtu wa juu, na sasa hata hiyo ahadi nimemnyima. Sijui nimwombe nani msamaha kwanza.

Bamba la chuma nililisugua tope kwa mchanga nikalifunga kwenye gunia lirudi Kisumu. Siku hizi akienda kwenye vizimba hunipitia jikoni akiwa na lile jepesi begani, ananiambia kwa utani, "Mke mwenza, nimsalimie mume wetu?"

"Usimsalimie," namjibu. "Ukimwona, mpite. Wewe panda."

Halafu nakaa na omena zangu mpaka nisikie boti. Majina siyapitii tena kabla hajarudi.