Vifuniko vya Mama

Miaka ile ya ujamaa, shangazi yangu alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wasukaji pale Izigo, na siasa ilikuwa imempanda kichwani kama homa. Akatangaza kwamba kusuka kikapu kizima peke yako ni ubinafsi. Wengine wasuke vikapu, wengine vifuniko. Mama yangu akapewa vifuniko.

Sasa, mama akikasirika mkono wake hukaza, na huyu wifi yake alimkasirisha kila siku. Aliuvuta ukindu kana kwamba anamnyonga mtu, na kila kifuniko kikatoka kigumu kama ubao.

Wakaja wageni kutoka Bukoba mjini kutazama kazi. Shangazi akawakaribisha kwa kahawa ya kutafuna, kama ilivyo kwetu, ndani ya kikapu kipya. Alipokigusa tu, kifuniko, kilichokazwa hadi kikawa kidogo kuliko mdomo wa kikapu, kikatumbukia ndani. Akajaribu kingine, nacho kikatumbukia.

"Wifi, umeviona vifuniko vyako?" akauliza akiuma meno.

"Vyangu?" mama akajibu. "Si vyetu sote?"

Shangazi hakupepesa jicho. Alikipindua kifuniko, akakijaza senene, wale panzi wetu wa kukaanga, akawaambia wageni kwamba hivyo ni visahani vya senene, tangu enzi za mababu.

Juzi, kijana anayeuza vitu vya asili mjini alinishikisha kisahani kama hicho, akanieleza kwa kirefu hiyo mila ya kale ya Wahaya. Nilikibonyeza kidogo, kikabonyea. Aliyekisuka, bila shaka, hana wifi.